Bao la Kabla ya Mahari

Kitu cha kwanza alichokiona Nyamizi kwa yule mchimbaji ni kwamba alinawa mikono kabla ya kushika kete.

Wachimbaji wengine walikuja barazani kwa Swaleh moja kwa moja kutoka kwenye karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, vumbi limewaganda mpaka kwenye nyusi, wakaliparamia bao vivyo hivyo. Wao walinawa wakitaka kula mihogo, tena mpaka wasemwe. Huyu alisimama kando ya ndoo ya Nyamizi, akaomba maji kidogo, akasugua kidole kimoja kimoja hadi kwenye kucha, akajifuta kwenye shati, ndipo akaenda kukaa. Hata chai hakununua. Nyamizi alibaki na kata mkononi, akijiuliza ni mtu wa namna gani anayenawa kwa heshima ya mbegu.

Nyamizi alikuwa akiuza chai na mihogo ya kukaanga pembeni ya duka la Swaleh, hapo Masumbwe. Swaleh aliuza sululu, tochi na mabuti. Alikuwa mtu wa Pangani aliyefuata biashara ya dhahabu ujanani, akaoa, akazaa, akasahau njia ya kurudi. Kitu pekee alichokuja nacho kutoka kwao kilikuwa bao la mninga, mashimo thelathini na mawili, na mfuko wa komwe, zile mbegu za kuchezea, zilizong'aa kwa kushikwa na mikono ya watu waliokwisha kufa. Wenyeji walikuwa na isolo yao, ya kuchimba mashimo ardhini, lakini walipokutana na bao la Swaleh walizizoea sheria zake ndani ya wiki. Mtu aliyekulia kwenye isolo hafundishwi kuhesabu; anaonyeshwa tu nyumba iko wapi. Nyumba ni lile shimo la mraba katika safu ya mbele, ambamo mchezaji huweka akiba yake. Ikiliwa nyumba yako, mara nyingi na mchezo wako umeliwa.

Pale barazani kila mchezaji aliitwa kwa jina la bao. Yule mchimbaji alikuwa anaitwa Sostenes, Mzinza wa Nkome, mtoto wa wavuvi. Walipojua kwao ni ziwani, wakambatiza Sangara. Katika mwezi mmoja Sangara alikuwa amemfunga kila aliyekaa mbele yake, na Swaleh mwenyewe mara nyingi kuliko alivyopenda kukumbushwa.

Ukaribu wake na Nyamizi ulikwenda polepole, kwa sababu Nyamizi hakuwa mtu wa maneno. Tangu shuleni, kabla hajaacha akiwa darasa la tano, alikuwa mtoto anayelijua jibu halafu anatazama chini mpaka mwingine alitaje. Sostenes hakumharakisha. Siku moja aliuliza mihogo inatoka wapi. Siku nyingine aliuliza kama mahali pake pa chai panavuja mvua ikinyesha, na kesho yake akaja na turubai na kamba. Ulipofika mwezi wa tatu alimwambia, akiwa ameshika kikombe kitupu, kwamba angependa kumtuma mshenga kwao kama yeye hatakasirika. Nyamizi alikichukua kile kikombe, akakiosha mara mbili.

"Sitakasirika," alisema. "Ila baba yuko Kishapu, kwa baba mkubwa. Ng'ombe wameugua. Asubiriwe."

"Nitamsubiri. Ni mtu wa namna gani?"

Nyamizi alifikiri sana. "Ni baba," alisema.

Hilo lilikuwa kosa lake. Angesema tu kwamba baba yake ni mcheza bao, mengi yasingetokea. Lakini baba alikuwa ameondoka kabla Sostenes hajafika Masumbwe, na Nyamizi hakuona sababu ya kulitaja.

* * *

Baba yake, Maduhu, alirudi Jumamosi moja bila kumwambia mtu. Mwanamume mwingine akishuka kwenye basi baada ya miezi mitano hupitia nyumbani kuweka mzigo. Maduhu alipitia kwenye bao. Nyamizi alikuwa amekwenda kuchota maji, na aliporudi akamkuta baba yake amekaa kwenye benchi, begi katikati ya miguu, fimbo imelazwa chini, na mbele yake amekaa Sostenes.

"Shikamoo, baba," alisema, akiitua ndoo.

"Marahaba, ng'wanone. Nimefika. Niwekee chai."

Sostenes hakuinua hata macho. Nyamizi aliwaamkia wazee wote waliofika pale hivyohivyo, shikamoo baba, shikamoo baba, na wote walimwita mwanangu. Wala hakuna aliyelitaja jina la Maduhu. Pale barazani alikuwa anaitwa Tinga, kwa sababu katika ujana wake alicheza kama tingatinga, anakula kushoto na kulia bila kutazama nyuma.

"Tinga, umemkuta mtu wako leo," alisema Swaleh. "Huyu kijana ametumaliza."

"Mimi sikuwepo," alijibu Maduhu. "Paka akisafiri, panya hujiona chui."

"Mzee, panya ni wa nchi kavu," alisema Sostenes huku akipanda kete. "Mimi natoka majini."

Watu wakacheka, wakasogea. Bao la Swaleh haliendi bila maneno. Mkono unapanda, mdomo unapepeta, na mwenye kukasirika anahesabiwa kuwa ameshafungwa. Sostenes, ambaye kwenye chai alizungumza kama mtu anayebeba mayai, kwenye bao alikuwa mtu mwingine kabisa.

"Mzee, hii umeleta nyumba au umeleta kibanda?"

"Kula kwanza, utasema ukishiba."

"Nimeshakula sebuleni, sasa naingia jikoni. Hodi!"

Nyamizi alisimama na birika. Alitaka kusema kitu, na hakujua angesema nini mbele ya wanaume kumi na watano. Amwambie Sostenes huyo ni baba? Baba angeuliza, kwani huyu anahusika nini? Aliangalia mkono wa Sostenes ukiingia kwenye nyumba ya baba yake, ukizoa kete zote kumi na moja, na kuzipanda moja moja kuanzia kichwani, shimo la mwisho wa safu, kwa madaha, mpaka safu ya mbele ya Maduhu ikabaki mashimo matupu, na hapo mtu amefungwa.

"Hamna, mzee wangu. Kama una binti nyumbani, mwambie akutandikie mkeka nje. Ndani nimeshaingia mimi."

Baraza lilipasuka kwa kicheko. Maduhu ndiye aliyecheka kuliko wote, akajipiga paja, akafuta machozi. Chai ilimwagikia miguu ya Nyamizi na hakuisikia.

* * *

Bujiku, mshenga, alifika nyumbani kwa Maduhu Jumatano. Nyamizi alikaa nyuma ya ukuta wa jiko pamoja na mama yake, wakichambua choroko ambazo zilikuwa zimeshachambuliwa. Bujiku aliongea kwa mizunguko kama inavyopasa, ng'ombe, mvua, afya za watoto, kisha akafika alipotumwa.

"Kijana ni Sostenes, wa Nkome. Yuko kwenye maduara, anachimba. Mtulivu sana. Huenda umeshamwona, pale kwa Swaleh wanamwita Sangara."

Kuku akapita.

"Sangara," alisema Maduhu.

"Ndiyo huyo."

"Yaya," alisema Maduhu taratibu, hapana ya kwao, na choroko zikamponyoka Nyamizi. Halafu akaendelea: "Sijakataa. Nasema hapana, si leo. Rudi mwezi ujao, tutazungumza."

Mama alimgeukia Nyamizi kwa jicho la maswali, naye akamweleza kwa kunong'ona kuhusu mkeka na jikoni. Mama alijishika kichwa. "Mtu umtukane baba mkwe wako, tena mbele ya watu! Huyo hapewi tena. Mshukuru Mungu hakuchukua fimbo."

Sostenes aliposikia Tinga aliyemfunga ni baba wa nani, alipotea siku tatu. Alisema baadaye kwamba alikaa shimoni chini bila kuwa na zamu, kwa aibu tu. Siku ya nne Maduhu mwenyewe alimtuma mtu akamwite.

Alikuja amejikunja, macho chini, akaamkia kwa mbali.

"Kaa," alisema Maduhu.

"Mzee, mimi nimekuja kuomba radhi. Sikujua kama..."

"Nimesema kaa. Panga kete."

Wakacheza. Sostenes alikuwa anapanda bila kutoa sauti, kama mtu anayepanda mtama msibani. Katikati ya mchezo Maduhu alipiga ubao kwa kiganja.

"Mbona umekuwa bubu? Tukana bao, kijana! Mimi bado sijawa mkwe wako!"

Sostenes alipanda kete moja. "Mzee... hiyo nyumba yako ina mlango, ila haina mwenyewe."

"Hapo sasa!" alisema Maduhu, uso umeng'aa. Alifungwa tena, na akaondoka akipiga mluzi.

Nyamizi alilitazama hilo kwa mshangao. Baba hakuwa amekasirika. Sasa alikuwa anasubiri nini?

Alilipata jibu wiki iliyofuata, akiwa ameinama kwenye moto, Swaleh na baba yake wakidhani hasikii. Watu wasiosema hudhaniwa pia hawasikii.

"Mpe kijana jibu lake, Tinga," alisema Swaleh. "Utamzeesha."

"Wewe hujui kwetu. Nikishapokea mahari, basi. Mkwe hakai mbele ya mkwe. Nikimwona njiani nitapita upande wangu na yeye upande wake, macho chini. Hatuli pamoja, hatukai benchi moja. Nitamwambiaje nimekula nyumba yako? Yeye ataniambiaje?"

"Mcheze kimya kimya."

"Bao la kimya! Hilo ni la watu wanaotegeana sumu." Maduhu alishusha pumzi. "Swaleh, miaka kumi na miwili hapa Masumbwe natafuta mtu wa kunifunga. Nimempata, na kabla sijamfaidi wanakuja kuninyang'anya. Tena kwa binti yangu mwenyewe. Acha nimfunge. Mara moja tu, nimfunge, halafu ng'ombe waje hata usiku uleule."

Nyamizi aliendelea kupuliza moto uliokuwa unawaka vizuri. Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Ndoa yake ilikuwa imekaa kwenye mashimo thelathini na mawili, ikisubiri mzee mmoja ashinde.

* * *

Wiki sita zilipita. Bujiku alirudi mara mbili, na mara mbili akaambiwa mwezi ujao. Wale wawili walicheza karibu kila jioni, na kila jioni Maduhu alifungwa. Mara nyingine alifika karibu sana, watu wakasimama, halafu Sangara akapata kete moja ya kuponea na kupindua mambo yote.

Nyamizi alikuwa akiyatazama yote kutoka kwenye mihogo yake. Alipoacha shule alikwenda kuchunga ng'ombe wa baba yake mkubwa kule Kishapu, miaka minne, na kule mbugani hakuna kingine cha kufanya ng'ombe wakishashiba. Wasichana walichimba isolo yao kivulini na kucheza kwa mbegu na vijiwe mpaka jua likageuka. Asipopata mwenzake alicheza peke yake, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto, bila kupendelea. Kwa hiyo alipotazama bao la Swaleh alikuwa anaona kete zinapokwenda kabla mkono haujazifikisha. Hakumwambia mtu. Nani alimuuliza?

Na kitu alichokiona ni hiki: Sangara hakuachia nyumba yake. Hata siku moja. Mtu mwingine akiona faida hubeba kete zote za nyumba na kusafiri nazo. Yeye aliilinda na kuijaza tu, kama mtu aliyekulia mahali ambapo maji huchukua vitu. Na baba yake, kama wachezaji wote, alikuwa anaiwinda nyumba hiyo tangu mwanzo, akijichosha mlangoni ambapo mwenyewe amesimama macho.

Halafu Alhamisi moja Sostenes alikuja kunawa, na hakwenda kukaa.

"Duara letu limekata," alisema. "Mwamba mtupu, hakuna kitu. Kikosi kinahamia upande wa Nyang'hwale. Lori linaondoka Jumatatu."

"Utarudi lini?"

"Ndiyo nisiyoijua. Duara likitoa, mtu hatoki. Lisipotoa, mtu anafuata lingine." Alitazama maji yakidondoka kwenye vidole vyake. "Baba yako akisema neno kabla ya Jumatatu, nitakwenda nikijua narudi wapi. Asiposema, Nyamizi, sitakufunga. Hata wewe umri wako unapita."

Nyamizi hakuwa amewahi kumwomba Sostenes kitu chochote, hata turubai. Sasa aliomba. Alisema bila kumtazama, haraka, kama mtu anayevuka barabara: "Mwache akufunge. Leo."

"Nijifungishe?"

"Mara moja tu."

Sostenes alikung'uta maji mikononi. "Sijawahi," alisema. Kisha akaenda kukaa kwenye benchi.

Akafanya alivyoombwa, na alifanya vibaya, kwa sababu mkono usiozoea uongo hauongopi vizuri. Alikuwa na mlo mzuri upande wa kushoto, kete saba za Maduhu zimekaa wazi kama mayai kwenye kiota. Mkono wake ulikwenda kule, ukasita, ukarudi kulia, ukala kete moja isiyo na faida.

Maduhu hakucheza. Aliweka viganja vyote viwili juu ya bao, kama mtu anayefunika chungu.

"Kijana. Hapa uliona."

"Wapi, mzee?"

"Usiniulize wapi. Uliona, ukapita." Sauti yake haikuwa kubwa, lakini baraza lote lilimgeukia. "Mimi nikifungwa nalala usingizi mzuri. Ukinihurumia umenizika nikiwa macho. Nani alikwambia nimekuwa wa kuhurumiwa?"

Sostenes aliinamisha kichwa. Hakumtazama Nyamizi, hata kwa bahati mbaya, na Nyamizi alijua hakumtazama makusudi. Swaleh alijaribu kuingilia, lakini Maduhu alikuwa ameshaokota fimbo yake.

"Mwambieni Bujiku asisumbue miguu yake. Mtu anayenidanganya kwa mkono, kwa mdomo atanifanyaje? Sina binti wa kumpa."

* * *

Asubuhi ya Ijumaa Maduhu alikuwa uani akibangua karanga za mbegu. Hakuwa amekula jana yake wala hakuwa ameongea na mtu. Nyamizi alitoka jikoni na chai, akaiweka chini kwa magoti mawili, na badala ya kuondoka akabaki hapohapo amepiga magoti.

"Baba."

"Hm."

"Si Sostenes. Ni mimi niliyemwambia ajifungishe."

Maduhu aliacha kubangua.

"Alikataa kwanza. Mimi nikamwomba. Lori lao linaondoka Jumatatu, na wewe ulisema mpaka umfunge." Alisikia sauti yake mwenyewe, akashangaa kwamba inaendelea kutoka. "Nilikusikia ukimwambia baba Swaleh. Kosa ni langu. Kama ni kupigwa, ni mimi."

Baba yake alimtazama muda mrefu, kwa namna ambayo huenda hakuwahi kumtazama tangu alipojifunza kutembea.

"Ulidhani sitamfunga bila hivyo," alisema mwishowe. Haikuwa hasira. Ilikuwa mbaya kuliko hasira.

"Utamfunga, baba. Lakini si kwa unavyocheza."

Ilishatoka. Nyamizi hakungoja aulizwe. Kwa kidole gumba alibonyeza udongo uliokuwa bado na unyevu wa umande, shimo baada ya shimo, safu nne, la mraba kila upande. Akachukua karanga kwenye ungo wa baba yake, akazipanga kama zilivyokuwa Jumanne iliyopita, mchezo ambao Maduhu alikaribia kushinda. Hakuhitaji kufikiri, alikuwa anazikumbuka zote.

"Hapa uliishambulia nyumba. Yeye alikuwa anakusubiri hapohapo. Kila siku anakusubiri hapo. Haiachii, baba, hajawahi. Sasa mwache nayo. Aijaze. Wewe kula hivi pembeni, kichwani na kwenye shimo la pili, kidogo kidogo. Ukimkausha kando zote, anabaki na nyumba tu. Hapo atalazimika kuibeba mwenyewe, na akiibeba hajui kusafiri nayo. Hajazoea."

Maduhu aliinama. Akaichukua karanga moja, akapanda kwa jicho, akarudisha. Akapanda tena. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Nani alikufundisha isolo?"

"Kuchunga."

Maduhu akaifuta ile isolo yote kwa unyayo, akazirudisha karanga kwenye ungo.

"Nenda kachote maji," alisema. "Jua linapanda."

* * *

Jumapili, baada ya misa, Maduhu alimtuma Swaleh kwa Sostenes na maneno mawili: aje, na asidanganye.

Watu walikuwa wengi kuliko kawaida, maana habari ya lori ilishaenea. Sostenes alinawa. Alipopita karibu na Nyamizi alisema kwa chini, "Nitacheza kweli," na Nyamizi akasema, "Cheza." Tangu Ijumaa alikuwa hajalala vizuri. Mtu aliyempenda alikuwa na siri moja tu katika mchezo wake, na yeye alikuwa ameitoa kwa baba yake pamoja na chai ya asubuhi.

Mwanzoni Maduhu alicheza kama siku zote. Aliingia na vishindo, akaigonga nyumba, akarudishwa. Nyamizi alishika kata kwa nguvu. Amedharau, alifikiri. Mzee hawezi kufundishwa na binti yake, na pengine ni haki yake.

Ila kete za mkononi zilipokaribia kwisha, Maduhu alikuwa na mlo wa wazi mlangoni kwa Sangara, akautazama, akauacha. Akala kichwani. Kete mbili tu.

"Tinga leo anaokota makombo," alisema mmoja.

"Makombo nayo ni chakula," alijibu Maduhu.

Akala tena pembeni, tatu. Sangara akaongeza nyumba yake, ikafika kumi na tatu, ikafika kumi na sita, imejaa mpaka komwe zinapandana. Na kando zote mbili safu yake ya mbele ilikuwa inakauka, shimo baada ya shimo. Sostenes aliliona kabla ya watu wengine. Aliacha kutania. Akavuta kete kutoka safu ya nyuma, akaziba hapa, pakatoboka pale.

"Sangara, maji yanapungua?" aliuliza Maduhu kwa upole.

"Bado nina bwawa, mzee."

"Bwawa unalo. Hebu tulione linavyotembea."

Hakukuwa na njia nyingine. Sostenes alizoa nyumba, akasafiri nayo, na kwa mara ya kwanza pale Masumbwe watu waliona mkono wake ukipanda bila kujua utaishia wapi. Kete ya mwisho iliangukia penye shimo tupu. Akalala, zamu ikamtoka. Maduhu alicheza mara moja. Kisha mara ya pili, mkono ukazunguka bao lote, ukala, ukarudi, ukala, na ulipotulia safu ya mbele ya Sangara ilikuwa tupu kama barabara siku ya uchaguzi.

"Hamna," alisema Maduhu. "Na samaki akifika nchi kavu anaitwa nani?"

"Anaitwa mboga, mzee," alijibu Sostenes, akicheka kwa dhati, jasho likimtiririka.

Kelele zilizozuka ziliwatoa watu wa karasha kwenye mashine yao. Maduhu alipongezwa, akapigwa mgongoni, akanyanyuliwa mkono. Aliacha wamalize. Kisha alisimama, akazitazama kete kwa muda, akazikusanya zote kwa mikono miwili na kuzirudisha kwenye mfuko wa Swaleh. Akachukua kigoda cha Swaleh, akakigeuza kielekee barabarani, akakaa. Sostenes alibaki anatazama mgongo wake.

"Tinga, mbona unatupa mgongo?" aliuliza Swaleh.

"Kuna mkwe wangu hapo nyuma," alisema Maduhu bila kugeuka. "Mwiteni Bujiku kabla lori halijaondoka."

Baraza lilitulia polepole, kila mmoja akiipata maana kwa wakati wake. Sostenes alikuwa tayari ameinamisha macho. Aliondoka kwenye benchi kinyumenyume, kwa heshima, akazunguka duka kwa upande wa pili ili asipite mbele ya mzee. Nyamizi aliuona uso wa baba yake, kwa kuwa yeye alikuwa upande ule wa barabara. Ulikuwa uso wa mtu aliyeshinda, na pia wa mtu anayesindikiza mgeni kituoni.

Sostenes alitokea nyuma ya turubai, akachuchumaa kando ya moto. Nyamizi alimwekea chai. Bujiku alikuwa anapita haraka, kofia mkononi.

"Nimecheza tangu mtoto," alisema Sostenes hatimaye. "Nimecheza Nkome, nimecheza visiwani, nimecheza kila machimbo. Hakuna aliyewahi kuliona lile. Baba yako ameliona wapi, ghafla hivi?"

Nyamizi aligeuza muhogo kwenye mafuta, akausubiri upate rangi, akautoa. Akamtazama usoni.

"Ni mimi niliyemwonyesha," alisema. "Na hata mimi nakufunga, Sostenes. Nyote wawili nawafunga."